Karatasi ya Msiba ya Shangazi Genoveva

Iasi, 9 Machi 1994

Kwako Shangazi Genoveva,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Rumania. Nimefika salama na mfuko wa maharagwe umefika, ingawa kuna mzee aliukalia ndani ya treni safari nzima akidhani ni mto. Chumba walichonipa kiko juu ya ukumbi wa vikaragosi, kwa hiyo nalala na kazi yangu. Leo nimemaliza kushona suruali ya mbwa mwitu. Baba anaendeleaje na ule mguu? Na yule mbuzi mweusi, kashazaa?

Sasa Shangazi, nina swali, na sijui niliulize vipi bila wewe kusema mtoto wa kaka yako Krastan amerukwa na akili. U hai?

Nisikilize kwanza. Treni yetu ilifika Ruse saa nne asubuhi na ile ya kuvuka mpaka ilikuwa ya saa kumi. Nikaweka mzigo stesheni, nikasema leo nitembee peke yangu nione mji, maana nimezaliwa Bulgaria na Danubi sijapata kuiona. Nimeiona. Ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, na meli moja iliyobeba mchanga. Nikala mkate wa jibini nimekaa kwenye benchi, nikaangalia majumba yenye vibaraza vya maua ya chuma, na kwa kuangalia juu muda wote nikapotea. Nikatokea mtaa mdogo wa nyumba za chini. Karatasi za msiba zimebandikwa kila mahali kama kwetu, langoni na kwenye miti, huyu wa siku arobaini, yule wa mwaka, na mimi unanijua, siwezi kupita karatasi bila kuisoma.

Kwenye lango la buluu kulikuwa na yako.

Ilikuwa imechujuka kwa mvua za baridi, lakini picha ilionekana vizuri. Ni wewe ukiwa kijana, na kile kidoti chini ya jicho la kushoto, na vile vipuli unavyovitundika kwenye msumari kando ya kioo. Iliandikwa: "Miaka thelathini na moja bila mama yetu mpenzi, Genoveva Ilieva Madzharova, 1939–1962. Hatukusahau. Binti yako Milkana." Hilo Madzharova silijui. Mengine yote ni yako, hadi mwaka wa kuzaliwa.

Bibi mmoja akapita na kikapu, akaona nimeduwaa, akaniuliza kwa upole kama nilimfahamu marehemu. Nikamjibu nimemwacha Alhamisi akichambua maharagwe. Alipiga ishara ya msalaba akavuka upande wa pili wa barabara. Nimekaa treni nzima nikijaribu kulipanga jambo hili likae sawa, halikai. Niandikie upesi.

Mtoto wako,
Zdravka

*

Smilyanovo, 4 Aprili 1994

Mwanangu Zdravka,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Theluji imeondoka upande wa juu. Mbuzi mweusi amezaa wawili, mmoja anachechemea, baba yako anasema amemrithi yeye. Mguu wake ni uleule. Anakaa dirishani na kuwasema wapita njia, hiyo ndiyo dawa anayoiamini.

Umeniuliza kama ni hai. Jana nimepanda viazi mistari sita, na kama huo ndio ufu, basi wafu wana kazi nyingi. Mwanangu, akina Genoveva wamejaa nchi hii. Kidoti chini ya jicho hata kasisi wetu anacho. Vipuli vile viliuzwa kila soko wakati ule, kila msichana alikuwa navyo. Na mtu anayezurura peke yake kwenye mji wa watu, tumboni ana kipande cha mkate wa jibini tu, huona mambo. Hukula supu asubuhi ile, nilikuambia ule ukakataa.

Isitoshe, lango la nyumba ile halijapata kuwa la buluu.

Usimwandikie baba yako habari hizi, atakosa usingizi bure. Kuhusu maharagwe, yaloweke tangu jioni na maji yale uyamwage, usiyapikie. Warumania wanakulisha nini? Vaa soksi za sufu mpaka mwezi wa tano.

Shangazi yako,
Genoveva

*

Iasi, 11 Mei 1994

Shangazi yangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na sasa neno hilo si la salamu tu. Mimi sijambo. Mbwa mwitu kachana suruali, nimemshonea nyingine. Hapa wananilisha uji wa mahindi asubuhi na jioni, na soksi nimevaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ukurasa mzima unaniambia huijui nyumba ile, halafu unanisahihisha rangi ya lango. Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha kudanganya nilipovunja dirisha la shule, ukaniambia mwongo asiongeze neno baada ya nukta. Sasa umeongeza la kwako.

Nimemwandikia Baba. Samahani. Alijibu kwa maneno mawili, bila salamu wala tarehe: "Muulize mwenyewe."

Nimekasirika, halafu nimecheka, halafu sijui niko wapi. Kama ile picha ni yako, basi una binti huko Ruse, na mimi nina binamu ambaye sijawahi kumsikia akitajwa hata kwa bahati mbaya. Na huyo binamu anamlilia mama yake, naye mama yake amekaa Smilyanovo ananiagiza nivae soksi. Kijijini wote wanasema Genoveva hakuolewa kwa sababu alikuwa anachagua mno. Nimelisikia hilo tangu niko mdogo, na wewe ulikuwa ukilicheka pamoja nao.

Kikundi chetu cha vikaragosi kinakwenda Varna mwezi wa saba kuwachezea watoto wa kambi za baharini. Nitapita Ruse tarehe kumi na sita. Usiponijibu nitabisha hodi pale langoni, niulize ni nani aliyekufa.

Zdravka

*

Smilyanovo, 29 Juni 1994

Zdravka,

Hatujambo. Mvua inatosha. Barua hii nimeiandika mara nne, tatu nimewashia jiko.

Ni mimi. Sasa umejua, na usinikatize, maana nikiacha sitaendelea.

Nilikwenda Ruse nikiwa na miaka kumi na tisa, kiwanda cha kusindika matunda kilikuwa kinaajiri. Nikaolewa na Lachezar Madzharov, fundi wa bandarini. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Mama yake, Paraskeva, alinyamaza kidogo kuliko yeye. Nilivyokata mkate ilikuwa vibaya, nilivyoanika nguo ilikuwa vibaya, na Milkana alipozaliwa ikawa hata kumbeba sijui, kwa hiyo akawa anabebwa na bibi yake. Agosti ya sitini na mbili nikaja huku kwa mama kupumzika wiki mbili. Mtoto hawakunipa nije naye.

Nilikaa wiki kumi na mbili. Watu wakisikia hadithi hii, najua wataifanya iwe kwamba nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilipenda kuamka bila kutukanwa. Sikuandika hata barua moja, kwa sababu kila nilipotaka kuandika nilijua nitaitwa nirudi. Hili ndilo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako.

Novemba nikarudi kumchukua mwanangu. Lango lilikuwa la kijani. Karatasi ya siku arobaini ilikuwa imebandikwa katikati, na picha yangu ya harusi, Lachezar wamemkata ila bega lake limebaki pembeni. Paraskeva aliona heri mke wa mwanawe awe amekufa kuliko awe amekimbia. Jirani mmoja akaniona, akaangusha ndoo ya maji na kukimbia. Ndani nilimsikia Milkana anapiga sufuria kwa kijiko.

Ninyi wa siku hizi mngesukuma lango, najua. Mimi nilisimama nikaisoma karatasi ile mpaka mwisho. Nilitafuta kosa. Nilisema nikiona tarehe imekosewa au jina halikukamilika, nitaingia. Halikuwepo kosa. Nawe unajua tulivyolelewa: karatasi ya msiba haichanwi kwa mkono, inaachwa mpaka mvua iitoe, na anayeichana anaiitia nyumba ile kifo kingine. Nyumba ile ilikuwa na kitu kimoja tu ninachokipenda. Nikaona nikiichana au nikipita chini yake nikiwa hai, yeye ndiye atakayelipa. Nikageuka.

Cheka ukitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na niliiamini karatasi kuliko miguu yangu niliyosimamia. Halafu kila mwaka nikasema mwakani. Alipotimiza kumi nikasema atakuwa amezoea. Alipotimiza ishirini nikasema nitamvurugia harusi yake, kama anayo. Baadaye nikaacha kusema.

Usibishe hodi. Nakuomba kama mtu aliyekulea. Ukimwambia mama yake yu hai, atauliza alikuwa wapi, na jibu la swali hilo ninalo mimi, si wewe.

Genoveva

*

Varna, 22 Julai 1994

Shangazi,

Salamu za baharini. Watoto wa kambi wamemshangilia mbwa mwitu kuliko shujaa, mkurugenzi wetu amenuna. Mimi nimeungua pua kwa jua.

Sikubisha hodi. Nilikuahidi moyoni sitabisha, na sikubisha. Nilisimama tu ng'ambo ya barabara niitazame tena karatasi, nikiwa na saa tatu za kupoteza. Lango ni la buluu, Shangazi. Limepakwa rangi. Ulipoliona wewe lilikuwa la kijani, na tunaweza kuwa sawa sote wawili.

Nikasikia nyuma yangu, "Unatafuta nyumba au unahesabu matofali?" Alikuwa amebeba mfuko wa pilipili hoho, na nilimjua kabla hajamaliza sentensi. Hakuna haja ya kukueleza sura yake, jitazame kwenye kioo na ujipunguzie miaka ishirini. Nikasema mimi ni mpita njia, natembea mji, nimechoka kwa joto. Akasema mtu mwenye akili hatembei Ruse saa saba mchana mwezi wa saba, akanikalisha uani, akaniletea maji. Anafundisha hesabu shule ya msingi. Hakuolewa. Baba yake alifariki zamani, bibi yake mwaka juzi.

Nikamuuliza kuhusu karatasi, kama mgeni anavyouliza. Akasema hamkumbuki mama yake hata kidogo, lakini kila mwaka tarehe sita Oktoba anabandika karatasi mpya na kugawa ngano ya kuchemsha hapo langoni. Bibi yake alimwambia mama alikufa kwa kifua na akazikwa kwao milimani. Kijiji gani, bibi alisahau. Mpaka anakata roho alikuwa amesahau. Milkana ameandika kwa makasisi wa milima ya Rodope, mmoja baada ya mwingine, kuuliza kama kuna kaburi la Genoveva Madzharova. Kumbe wewe umerudi kwenye jina la babu, nani angemjibu?

Aliniambia, "Sitaki mengi. Nataka mahali pa kupeleka maua."

Nikanywa maji yangu nikaaga. Kinywa changu kilikuwa kimejaa, Shangazi, na nikakifunga kwa ajili yako, na mpaka sasa nakuchukia kwa sababu hiyo, halafu dakika ya pili nakuonea huruma, halafu nachanganyikiwa upya. Ulikuwa mtoto, sawa. Yeye alikuwa mtoto zaidi.

Sitauliza tena. Tarehe unayo.

Zdravka

*

Iasi, 5 Septemba 1994

Shangazi,

Hamjambo huko? Nimerudi Iasi. Sijui kama barua ya Varna ilikufikia. Baba ananiandikia kwamba viazi vimechimbwa na kwamba wewe umeacha kwenda kanisani. Haongezi neno.

Niandikie, hata kama ni habari za mbuzi tu.

Z.

*

Ruse, 7 Oktoba 1994

Mwanangu Zdravka,

Salamu kutoka Ruse. Utashangaa kuona muhuri wa posta. Barua zako zote mbili zilinifikia. Ya Varna nilitembea nayo kwenye aproni mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Baba yako alinisindikiza mpaka stendi ya basi kwa mguu ule mbovu. Alisema, "Ukigeuka na mara hii, usirudi kwangu." Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Nilifika jana saa mbili asubuhi, na nikafanya kama ulivyofanya wewe, nikatembea mji. Saa tatu nzima, mwanangu. Mtu yeyote angesema mama huyu amekuja kutalii. Nimekaa kando ya mto nikatazama meli. Nimezunguka uwanja wa mnara, nimesoma maandishi ambayo hayanihusu, nimeingia duka la vyombo nikaulizia birika ambalo silihitaji. Mitaa siikumbuki vizuri. Walipokuwa wameotesha miti wamejenga, walipokuwa wamejenga wamebomoa. Mara mbili niliuliza njia ya kwenda stesheni. Mara ya pili, yule niliyemuuliza alinionyesha, nikaenda upande mwingine, akanipigia kelele kwamba nimekosea. Nikamwambia najua.

Langoni palikuwa na majirani kama kumi na wawili wamejipanga. Karatasi mpya, miaka thelathini na miwili. Milkana alikuwa na sufuria kubwa ya ngano, sukari juu, anachota kwenye vikombe vya karatasi na kumpa kila mtu kwa mkono wake. Anaambia kila mmoja, "Pokea, kwa roho ya mama yangu," na wao wanapokea na kusema, "Mungu amsamehe." Ndivyo tunavyosema sote, unajua. Nimelisema neno hilo kwenye mageti ya watu maisha yangu yote bila kulifikiria, kama mtu anavyosema ahsante.

Zamu yangu ikafika. Akanipa kikombe, akaniambia nipokee kwa roho ya mama yake. Nikapokea. Lile "Mungu amsamehe" likakataa kutoka. Akangoja. Akadhani mimi ni kiziwi, akarudia maneno yake kwa sauti ya juu, taratibu, kama anavyowasemesha wanafunzi wake. Nyuma yangu watu wakaanza kusukumana.

Nikamwambia, "Hilo siwezi kulisema mimi, Milkana. Ni lako hilo. Mimi ndiye Genoveva."

Nilidhani atapiga kelele. Alinitazama, akatazama vipuli, maana nilivivaa. Kisha akamwambia aliyenifuata, "Pokea, kwa roho ya," akaishia hapo, akampa kikombe. Walibaki watu saba na aliwagawia wote, hakusema tena kwa roho ya nani. Nilisimama pembeni na ngano yangu mkononi. Sufuria ilipokwisha akasema, "Ingia. Funga lango." Nikapita chini ya ile karatasi, nikalifunga lango.

Jana mchana wote aliniuliza swali moja tu, kama niliwahi kuja hata siku moja. Nikamwambia nilikuja mara moja nikafika pale langoni, na nilimsikia anapiga sufuria. Akasema, "Ukarudi?" Nikasema nilirudi. Akainuka akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilitaka kumweleza habari za karatasi na mvua, jinsi nilivyoogopa yeye asidhurike. Nikajisikia mwenyewe jinsi inavyosikika jikoni kwake, nikaziacha. Alinitandikia kitanda cha Paraskeva. Sijui kama alifanya makusudi.

Leo asubuhi alinikuta nimekaa mezani, koti mwilini, begi miguuni. Akasimama mlangoni akaniambia, "Nimekulilia miaka thelathini na miwili, na kukulilia nakujua. Kukukasirikia sijui hata pa kuanzia."

Nikamwambia, "Anza popote."

Akaanza. Zdravka, ameanza saa moja na nusu na sasa inakaribia saa sita, ametoka kidogo kuleta mkate ndipo nimepata nafasi ya kukuandikia. Ameanza na homa aliyougua akiwa na miaka minne, akaja kwenye nywele zake alizokuwa anasukwa na jirani, akaja kwa Paraskeva, akaja kwa wale makasisi wote aliowaandikia na stempu alizobandika, akarudi kwenye homa. Mimi kila akitaja jambo nalipokea. Ameniita mwoga, ameniita jiwe, ameniita majina mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Na kwenye saa nne hivi, katikati ya hayo yote, ameniita mama, wala hakujisikia akilisema, akaendelea kunifokea.

Begi nimelirudisha chumbani. Mwambie baba yako mbuzi ni wake kwa sasa. Nasikia lango, amerudi.

Genoveva